Springi za Godoro Letu

Mume wangu aliligeuza godoro letu kuwa antena, nami nikalala sakafuni kwa ajili ya shemeji yangu. Nilikasirika, nisiseme uongo.

Mume wangu na huyo kaka yake wakikutana uso kwa uso ni kelele tupu. Huelewana kwenye redio zao za upepo tu, zile za kuzungumzia, kwa sababu redioni hakuna kumkatiza mtu. Unangoja aseme "ova", yaani amemaliza. Lakini kwenye mazishi ya baba yao mume wangu aliangua kicheko, ati viatu vya kaka yake vinalia kama bata, na shemeji akanuna mpaka leo. Kesho anahamia ng'ambo kwa mwanawe. Ilikuwa aombwe radhi leo, au basi tena.

Tatizo, mwenye nyumba aliushusha ule waya mrefu wa antena yetu juu ya paa akaufanya kamba ya kuanikia nguo. Ndipo mume wangu akalichana godoro, akaziunga springi zikawa moja ndefu, akaielekeza ncha yake kilimani kwa kaka yake kama mtu anayemwagilia bustani.

"Nisamehe, kaka. Nilikosa. Ova."

Akangoja jibu. Mara mlango ukagongwa. Alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya kulia, machozi yanamtoka.

"Nimekusamehe, jirani. Spika yangu imeniambia yote."

Nyuma yake kinyozi wa nyumba ya kushoto: naye kasamehe, japo kosa halijui. Kufikia alasiri foleni ya wenye kusamehe ilikuwa imefika barabarani, na mmoja alitaka aombwe radhi upya kwa kuwa alikuwa bafuni.

Hapo nikapata akili. "Wa kulia wanasikia, wa kushoto wanasikia. Wee mwanamume, springi yako inatoa sauti ubavuni, haitoi nchani!"

Akajishika kichwa. "Yaani nimeuomba radhi mtaa mzima, nikamruka kaka peke yake?"

Nikainyanyua mwenyewe, nikailaza kikingama, ubavu ukatazama kilimani.

"Nisamehe, kaka. Nilikosa. Ova."

Sauti ya shemeji ikaja safi, hata pumzi zake nilizisikia. "Sijakupata. Rudia. Ova."

Akarudia.

"Rudia. Ova."

Mshale wa redio unaopima nguvu ya mawimbi ulikuwa umelala mwisho kabisa. Mawasiliano hayawezi kuwa mazuri kuliko hapo. Mume wangu aliutazama, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga. Kisha akasogeza maiki mdomoni, akarudia tena.