Mizunguko Mitano

Koleo lilipokata uzi wa sita, uzi uliruka ukanichapa shavuni. Nikacheka peke yangu. Nilidhani ni kaka ananizaba kibao kutoka huko aliko. Miaka sita imepita na bado hushika shavu hilo nikisikia gitaa.

Kaka alikuwa na miezi minne kaburini, na gitaa lake la umeme lilikuwa limeshika kutu ukutani. Asubuhi ile mama aliniambia, bila kunitazama, "Lipige kidogo, mwanangu. Nimsikie." Mimi, mdomo usiojua kutulia, nikaenda kutafuta koleo.

Kaka alibadilisha uzi mmoja mmoja, hakuwahi kulivua gitaa nyuzi zote. "Ukizitoa zote shingo inalegea," alinifundisha, "halafu linaamka halikujui." Nikamwuliza kama na yeye huvua nguo moja moja akienda kuoga.

"We Kasuku," akasema, "siku nikifa utaniharibia gitaa."

Tulicheka wote wawili.

Basi nilizikata zote sita. Nikafunga mpya kama fundi wa dukani alivyonielekeza: mzunguko mmoja na nusu kwenye kila kigingi cha kukazia, safi, uzi haulegei. Nikachomeka waya kwenye spika ya kaka, nikapiga. Sauti ilitoka kali, inang'aa kama sufuria mpya, na chini ya vidole nyuzi zilikuwa ngumu kama wageni waliokataa kukaa.

Mama alisimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni.

"Nzuri," akasema. "Ni ya nani?"

Akarudi kufua.

Nikachutama kuokota nyuzi za zamani. Ncha zake zilikuwa bado zimejiviringisha, zimekariri vigingi. Nikahesabu mizunguko: mitano, imebanana, inateremka ili uzi ukandamize kile kifupa cha juu ya shingo. Fundi angesema ni kupoteza waya. Nilikuwa na pakiti ya pili. Safari hii nilitoa mmoja, nikafunga mmoja, mitano mitano, hadi kidole gumba kikafa ganzi.

Nilipopiga, sauti ilikuwa nzito, ina vumbi kidogo. Uzi wa tatu ukaanza kulegea taratibu, kama ulivyomlegea yeye siku zote. Nikauacha ulegee.

Kule nyuma ya nyumba maji yalinyamaza. Kisha ikaja sauti ya mama, ile ya kila Jumamosi kaka akipiga, imechoka, imekereka.

"Mwambie kaka yako apunguze."

Nikanyoosha mkono kwenye spika, nikapunguza.