Dirisha la Bartholomayo

Mnaisifu nyumba ya Bartholomayo, mnunuzi wa kahawa, kwamba Muleba nzima haina ya pili. Sifuni tu. Mimi Kemilembe nikiitazama hasira inanipanda, maana imesimama kwenye kibanja cha baba yangu, na mwenyewe hakukinunua.

Alipewa. Alikuja hana mbele wala nyuma, baba akampenda, wakafanya omukago. Wakachanjana kitovuni, wakapasua buni moja, kila mmoja akameza nusu yenye damu ya mwenzake. Kuanzia hapo wakawa ndugu, na baba akamkatia nusu ya kibanja, upande ule ule wenye makaburi ya wazee wetu. Ndugu hamzuii nduguye kuzikwa kwao, alituambia. Maskini baba.

Alipofariki tulimbeba hadi langoni kwa Bartholomayo, tumlaze karibu na babu. Akatoka na koti lake la kanisani.

"Kamzikeni kwingine. Mimi nimeokoka, Kemilembe. Mambo ya kuchanjana ni upagani, nimeyakana."

Mtazameni mtu huyo. Migomba hakuikana, kahawa aliyoivuna humo miaka yote hakuikana, amekana maiti tu. Fadhila ya punda ni mateke, kweli. Kaka yangu Josia akanishika mkono, eti tusigombane mbele ya marehemu. Nikauondoa mkono wake.

"Baba mdogo," nikasema, na sauti niliipandisha makusudi ifike barabarani, "sawa, umeukana omukago. Basi na kibanja ulichopewa kwa huo omukago kirudishe leo. Toa vitanda vyako, bomoa, beba matofali yako. Na kama wewe bado ni ndugu yake, chukua jembe uchimbe."

Hakuna aliyemtetea, hata wazee wa kanisa lake. Aliigeukia nyumba, akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akavua koti, akapokea jembe, akachimba. Nilimsimamia mpaka akamaliza.

Makaburi yetu yako nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba anacholala. Kabla hata matanga hayajaisha alimwita fundi, akaliziba lile dirisha kwa matofali. Wageni wakiuliza, huwaambia kwamba upepo wa upande ule ni mbaya.

Mwongo. Anamwogopa ndugu yake, na mimi nafurahi.