Mgongo wa Theodosia Wapelekwa Buffalo

Alhamisi moja ya Machi, mwaka 2015, saa nne na dakika kumi asubuhi, Theodosia aliinua boksi la sufuria za Uchina katika ghala moja la Jeffersontown, Kentucky, huko Marekani, na mgongo wake ukalia kama ukuni mkavu. Boksi lilikuwa la kubebwa na wawili. Ubavuni ilichapishwa picha ya watu wawili wamelishika huku na huku. Theodosia aliiona ile picha vizuri, akadhani ni tangazo: mke na mume wamefurahia sufuria mpya. Alimaliza darasa la saba akatoka salama, lakini picha huzisoma anavyotaka.

Alilitua boksi mahali pake, akalinganisha kona na kona, kisha akaenda kwa nesi wa kampuni akitembea kama mtu mwenye ndoo ya maji kichwani. Nesi alikuwa na simu mezani, na ndani ya simu mlikuwa na mkalimani. Nesi akauliza, simu ikatafsiri.

"Habari yako, mama?"

"Nzuri," akasema Theodosia.

Sasa, mtu aliyelelewa anajua kwamba "nzuri" ni kizingiti tu, nyumba iko mbele. Ukiulizwa habari unajibu nzuri, hata kama paa linaungua nyuma yako, halafu unavuta pumzi na kusema, "ila tu." Nzuri, ila tu tumefiwa. Nzuri, ila tu mahindi yote yamekwenda na maji. Katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, alikokulia, Theodosia alimsikia mzee mmoja akijibu nzuri, ila tu mguu wake mmoja umebaki Burundi. Huwezi kumrushia mwenzio shida usoni kabla ya kumwitikia salamu. Hata mwizi haingii hivyo.

Theodosia akavuta pumzi. Alipomaliza kuivuta, nesi alikuwa ameshaandika, ameshatia sahihi, na simu ameshaikata. Akampa mfuko wa barafu na karatasi ya njano, akamfungulia mlango. Theodosia alishukuru mara mbili.

Jioni, nyumbani kwao Shively, binti yake Fides alikuwa akimchua kwa mafuta. Fides alikuwa na miaka kumi na saba, na mambo ya mwili aliyasema kwa Kiingereza, maana kwa Kiswahili aliona haya.

"Mama, una maandishi hapa," akasema.

"Maandishi gani?"

"Kama ya Kichina. Ya kwenye maboksi, lakini siyo yale."

"Sugua."

"Nimesugua."

"Basi yaache. Maharage yanaungua."

Lilikuwa umbo moja tu, urefu wa kidole gumba, chini ya bega la kulia, pale pale palipolia. Lilikuwa la wino mweusi, na ukiliangalia uliona mtu amesimama na mzigo begani, kichwa amekigeuza nyuma, mdomo wazi. Fides alilipiga picha kwa simu. Kwenye picha mgongo ulitoka, mafuta yakatoka, hata kovu la tetekuwanga likatoka, lakini mahali pa umbo palionekana mraba mtupu. Kwa hiyo alichukua penseli akalichora katika daftari la hesabu, akaandika tarehe.

Wiki ya tatu barua ikaja. Ilisema kwamba mfanyakazi, siku ile ile ya tukio, alitamka mwenyewe kwamba yu mzima, na kwa hiyo hakuumia. Kama ingekubaliwa kuwa aliumia kazini, angehamishiwa meza ya kubandika lebo, ambako watu hukaa kwenye viti. Isipokubaliwa, arudi kwenye maboksi au aage. Na Fides, ambaye angetimiza miaka kumi na minane mwezi wa Juni na alikuwa na fomu ya chuo cha unesi chini ya godoro, alikuwa ameshasema polepole, akiosha vyombo, kwamba yeye atakwenda ghalani badala ya mama. Hilo lilimchoma Theodosia kuliko mgongo. Hakuvuka mipaka yote ile ili mtoto arithi boksi.

Wenye bima ya kampuni walikuwa katika mji wa Buffalo, mbali kaskazini. Fides akawatumia kwa faksi picha ya mgongo. Wakajibu kwa adabu kwamba wameupokea mraba mtupu, kwamba mitambo yao haina herufi hiyo, na kwamba mama alete mgongo halisi, siku ya Ijumaa ya mwisho wa Aprili, saa tano.

"Mraba mtupu," akasema Theodosia. "Si boksi hilo? Waambie ndilo lenyewe, walipeleke kwenye mizani."

Walikwenda kwa kupitia Columbus, kwa kaka yake, Silvano, aliyekuwa na gari linalofika. Katika ghorofa iliyo chini ya ile ya Silvano alikaa mzee wa Kichina, Mzee Lu, aliyewahi kufundisha maandishi ya kale kwao, na ambaye sasa alipanga vitunguu katika duka la mpwa wake. Mzee Lu alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Theodosia akakaa kinyume kwenye kiti, kanga mabegani, kama mtu anayenyolewa. Mzee Lu aliangalia kwa muda wa chai kupoa, kisha akaomba lile daftari la hesabu, maana umbo halikuwa tena lile la Machi. Kila Jumapili Fides alikuwa amelikuta limebadilika kidogo.

"Hili la kwanza," akasema Mzee Lu kwa Kiingereza cha taratibu, na Fides akatafsiri, "ni kama yale yaliyochongwa kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe, miaka elfu tatu iliyopita. La kichwa kilichogeuka ni adimu, sijaliona ila mara chache. La wiki ya tatu ni la vyombo vya shaba. Hili la wiki ya tano ni la mihuri. Mama yako amepita miaka elfu tatu kwa wiki sita."

"Mwambie mimi sipendi kuchelewa," akasema Theodosia. "Hata kambini foleni ya mafuta nilikuwa wa kwanza."

"Na liko kwenye mfupa," akasema Mzee Lu. "Ndipo mahali pake."

"Mwambie ahsante."

Fides akauliza maana yake. Mzee Lu alivua miwani ya juu. Zamani, akasema, umbo hili lilikuwa mtu aliyebeba mzigo begani. Halafu watu waliokuwa wakiandika wakahitaji alama ya kuulizia "nini?", na hawakuwa nayo, wakamwazima huyu mbebaji. Hawakumrudisha. Mwaka baada ya mwaka wakamsukuma pembeni, hadi akawa mistari miwili tu, na mzigo wake ukayeyuka katika sehemu nyingine ya umbo. Walipotaka tena kuandika "kubeba" ikabidi watafute alama nyingine.

"Mzigo ulikwenda wapi?" akauliza Theodosia.

"Upo. Ila hauonekani."

"Na mdomo?"

"Kuna mdomo," akasema Mzee Lu. "Huu mraba mdogo."

Alisema pia waharakishe, kwa kuwa Ijumaa umbo lingekuwa limefika kwenye mwandiko wa siku hizi, ambao kila mtu anausoma na hakuna anayeona kitu. Akawapa mfuko wa vitunguu.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini Silvano aliubeba ule wa dada yake kwa bidii. Njia nzima ya kwenda Buffalo aliendesha huku anafundisha.

"Mimi ndiye afisa. Habari yako, mama?"

"Nzuri."

"Mama!" akasema Fides kutoka nyuma.

"Imeponyoka. Uliza tena."

"Habari yako?"

"Mbaya," akasema Theodosia. Kisha akaongeza, "Samahani."

"Usiombe samahani."

"Nitamwambiaje mtu mbaya, hajanikosea kitu?"

Neno lilimkaa kooni kama mwiba wa dagaa. Mtu aliyetulia wakati askari wanapekua nyumba, akashindwa na neno la silabi mbili. Alilitamka akitazama dirishani, akalitamka kwa kunong'ona, akaliimba kwa sauti ya kwaya. Walipoyaona magofu ya kiwanda cha chuma cha Lackawanna, mlangoni mwa Buffalo, alikuwa amepatia mara kumi na moja mfululizo, na Silvano akasema sasa mtu huyu ni Mmarekani kamili.

Afisa wa bima alikuwa kijana mpole mwenye tai ya samaki wadogo wadogo. Kando yake alikaa mkalimani, Polycarpe, baba wa makamo aliyezaliwa Bukavu, suti yake imepigwa pasi hadi ikang'aa. Theodosia akageuka, Fides akashusha kanga. Afisa akainama akaangalia, akasema kweli kuna maandishi, yako wazi na mwandiko ni mzuri. Aliandika hivyo. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, msichana anayesoma Kichina, naye akaja na sandwichi mkononi, akatupa jicho.

"Inasema 'nini?'," akasema, akarudi zake.

"Nini?" akauliza afisa.

"Ndiyo," akasema Fides.

Fides akafungua daftari, akaonyesha Jumapili sita, mtu na mzigo wake, bega kwa bega na mafumbo ya hesabu. Afisa alisema michoro ya jamaa wa karibu haipokelewi, ila ni mizuri. Akasema pia kwamba haina haja, kwa kuwa maelezo yanayopokelewa ni yale ya mwenyewe kwa kinywa chake. Atayaandika neno kwa neno, na yatayafuta yale ya nesi. Akabonyeza mashine ya kunasa sauti, taa nyekundu ikawaka. Fides akaushika mkono wa mama yake. Kiganja kilikuwa kikavu, mama alikuwa tayari.

Lakini Polycarpe naye alikuwa amelelewa. Hakuweza kuanza kumhoji mama wa watu bila salamu, kama polisi. Akajiweka sawa, akakohoa.

"Bon, mama," akasema. "Habari yako?"

Ilisemwa vizuri mno. Ilikuwa sauti ya nyumbani, ya mtu anayeuliza kwa kuwa anataka kujua. Theodosia akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kentucky.

"Nzuri," akasema.

Polycarpe hakutafsiri. Alijua desturi, aliinua mkono kidogo, akasubiri "ila tu." Lakini afisa alikuwa amefanya kazi na wakimbizi kwa miaka minne, na katika Kiswahili chote lilikuwepo neno moja alilolijua, na alijivunia. Akaliandika mwenyewe.

Theodosia alikuwa bado anavuta pumzi. Taa nyekundu ikazimika.

"Mama," akasema Polycarpe kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili cha Bukavu, "na ile ingine ilikuwa nini? Donc, bamesha kufunga faili."

"Ila tu mgongo," akasema Theodosia.

"Eh, pole mama," akasema Polycarpe. Alimaanisha kweli.

Kurudi, hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe hadi Columbus, kisha akala vitunguu vya Mzee Lu na mkate, akaona vimenoga. Umbo halikubadilika tena. Lipo hadi leo, safi, la siku hizi, linauliza nini, na dukani Wachina humsogelea wakidhani amejitia nakshi, naye hushusha kanga awaonyeshe. Wanasema mwandiko mzuri.

Mama mwenye mtoto, mfundishe kuanza na "ila tu." Mfundishe angali mdogo, ulimi ungali laini. Theodosia hakuwahi kumfundisha Fides, alidhani nchi imemfundisha.

Juni ilipofika, Fides alitimiza miaka kumi na minane siku ya Jumanne, na Jumatano akapanda gari la wafanyakazi la kwenda Jeffersontown. Alirudi saa kumi na moja jioni, akavua viatu mlangoni, akainama kuchukua sufuria, akainuka polepole.

"Habari za kazi?" akauliza Theodosia.

"Nzuri," akasema Fides, kwa Kiswahili.

Theodosia akasubiri. Alizima jiko ili asikie vizuri. Fides akamimina maji, akanywa, akasuuza kikombe, akakifunika. Watoto waliokulia huku walijaliwa neno la kwanza tu. La pili halikuja.

Basi Theodosia akamfuata, akaivuta kola ya fulana yake nyuma, taratibu, kama anayemtoa mtoto kupe. Chini ya bega la kulia alisimama mtu mdogo wa wino, bado mbichi, kichwa amekigeuza nyuma, mdomo wazi. Mzigo wake ulikuwa bado unaonekana.

Theodosia akaenda kutafuta penseli.