Taa ya Kumwita Mama

Fundi cherehani alidhani ni tumbo lake linalonguruma. Akasimamisha mashine, akatega sikio. Sauti ilitoka chooni, na kabla hajainuka kitini maji meusi yalikuwa yamepita chini ya mlango wa choo na kutanda kwenye korido. Harufu yake ilimtoa machozi.

Mwisho wa korido hiyo ndiko kilikokuwa chumba cha mama yake, na mama alikuwa na kidonda mguuni. Asubuhi ile ile nesi alikuwa amekifunga bandeji, akaonya bila kupepesa macho: "Uchafu ukiingia humu, safari ijayo tutazungumza habari za kuukata mguu."

Fundi akainua mguu avuke, akaurudisha mbio. Waya wa ekstensheni uliopeleka umeme kwenye feni ya mama ulikuwa umelala sakafuni, na maji yalishaanza kuulamba. Nywele zikamsisimka. Maji yenye umeme hayakupi hata nafasi ya kuaga.

"Nyie wa juu!" alipiga kelele dirishani. "Msivute maji chooni! Yote yanarudi kwangu!"

"Tumesikia, dada!" jirani wa ghorofani akaitikia. "Namwita fundi bomba sasa hivi!"

Swichi kuu ilikuwa karibu na mlango wa mbele, mahali pakavu. Akaikimbilia, akaishusha. Feni ikanyamaza kule ndani, na yeye akashusha pumzi. Pumzi yenyewe haikufika mwisho.

Taa! Mama yake hakuwa anasikia, mwaka wa sita huo, hata umpigie ngoma sikioni. Chumba chake kilikuwa na giza mchana kutwa, kwa hiyo taa haikuzimwa ila kwa jambo moja tu: kumwita. Taa ikizimika, mama hushuka kitandani akaja. Hajawahi kukaidi hata siku moja.

"Nimemwita mwenyewe," fundi alisema.

Buti hakuwa nazo, na kuufungua mlango wa mama kungemwingizia maji zaidi. Akatoka nje, akazunguka nyumba kwa kichochoro cha nyuma huku mabega yakikwaruzwa ukutani. Alimsihi Mungu achukue chochote atakacho, cherehani, hata macho yake, ila mguu ule auache. Alilivuta dirisha kwa nguvu zote, akasogeza pazia, akabandika uso kwenye nondo.

Mwanzoni hakuona kitu. Kisha akaziona kandambili za mama zikielea, moja huku, moja kule. Akaangua kilio.

"Unalia nini nawe?"

Mama alikuwa kitandani, amejikunyata, mtandio puani. Mguu wake mmoja ulikuwa umelowa hadi kwenye kifundo, mweusi, unachuruzika. Fundi aliogopa kuutazama, akautazama hivyo hivyo. Haukuwa na bandeji.

"Umeniita, nikashuka," mama alisema. "Ila mwenye kidonda hutanguliza mguu mzima." Akaufunua ule mwingine uliokuwa chini ya shuka. Bandeji ilikuwa nyeupe, kavu, kama nesi alivyoiacha.

Fundi akampungia mikono yote miwili kupitia nondo: kaa hapo, usishuke, watu wanakuja. Mama akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, kisha akamkazia macho.

"Na hiyo taa usiichezee tena," alisema. "Ukiniita nitakuja tu."