Kiti cha Mbele

Binti yangu Mwanarusi aliponiambia kwamba yeye na mumewe wanataka kununua gari, nilikwenda dukani nikanunua daftari jipya. Sikusoma utotoni. Nilijifunza kusoma na kuhesabu nikiwa na miaka thelathini na minne, katika darasa la ngumbaru, jioni baada ya kazi ya kutunza bustani ya hoteli moja pale Diani. Miaka sita baadaye nikawa karani wa stoo katika hoteli hiyohiyo. Kwa hiyo sikukubali gari linunuliwe kwa kusikiliza maneno ya muuzaji peke yake.

Niliwaendea madereva wa teksi. Sikuwauliza magari yao yanakula kiasi gani, maana kila mtu husifu chake. Niliwaomba wajaze tangi hadi juu, waandike mita, wafanye kazi kutwa, kisha wajaze tena. Watatu walikubali. Gari dogo la injini ya cc elfu moja lilitembea kilomita kumi na tisa kwa lita. La viti saba lilitembea kumi na moja. Niliandika kwa wino.

Mwanarusi alikuja kwangu Gazi kujifungua, kama binti zetu wafanyavyo, akae arobaini kisha arudi kwa mumewe. Akajifungua mapacha, Mishi na Mwero. Siku ya thelathini mama yake, Twaiba, akafariki. Arobaini ikawa miezi mitano, kwa sababu hakutaka kuniacha katika nyumba tupu, wala mimi sikumhimiza aondoke. Mumewe, Kheri, anasomesha shule ya msingi huko Taru. Alikuja kila mwisho wa wiki, mikono imejaa nepi.

Sasa Kheri amepata nyumba ya vyumba vitatu.

"Baba, hatukuachi," Mwanarusi aliniambia. "Chumba kimoja ni chako. Tunahama sote."

Nilifurahi mpaka nikaona haya, nikajifanya natafuta miwani. Kisha nikatoa sharti langu. Kila Ijumaa nirudi Gazi nimsomee Twaiba Yasini kaburini. Nilimwahidi hivyo kabla hajakata roho, na Mwanarusi alikuwapo, amemshika miguu. Tatizo ni goti langu la kulia, ambalo halikunjiki tangu nilipoanguka stoo. Ndani ya basi siwezi kukaa. Ndani ya gari nakaa mbele tu, kiti kimesukumwa nyuma hadi mwisho. Na kwa kuwa Ijumaa Kheri husomesha, Mwanarusi ndiye angenipeleka, na mapacha wangekuwa nyuma.

Gari hilo lilikuwa na kazi nyingine. Mwanarusi anasomea uuguzi. Chuo kiko Voi, na siku tatu kwa wiki angekwenda huko na mapacha, awaache kwa wifi yake aliye karibu na chuo, awanyonyeshe saa za mapumziko. Watoto wawili wachanga huwezi kuwapandisha na kuwashusha mabasini siku tatu kila wiki.

Jumamosi tulikwenda yadi moja ya magari Ukunda. Muuzaji alikuwa kijana wa bara, Austine, mwenye maneno mengi na viatu vilivyochongoka.

"Mzee wangu, karibu sana! Hii ndogo hainywi mafuta, inanusa tu. Lita moja, kilomita ishirini na nane!"

"Kumi na tisa," nilisema.

"Nani amekuambia?"

Nikafungua daftari. Akausoma ukurasa mzima, midomo ikicheza.

"Wah! Mzee, wewe ulikuwa engineer?"

"Nilikuwa ngumbaru."

Kheri alicheka mpaka akaegemea gari. Hata Mwanarusi alicheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Tukaanza kujaribu gari dogo. Kheri alinifungulia mlango wa mbele, kwa kuwa kwetu mzee hakai nyuma. Nikasukuma kiti hadi mwisho, nikanyoosha mguu. Nyuma yangu nikasikia wakihangaika. Viti vya watoto wachanga hufungwa vikitazama nyuma na vinataka nafasi. Cha Mishi kiliingia nyuma ya dereva. Cha Mwero kiligonga mgongo wa kiti changu, kikagoma. Wakakipindua, wakakiinua, wakakisukuma. Hakuna aliyeniambia, "Baba, sogea kidogo." Mwishowe Mwanarusi alikiweka chini, akajibana katikati na Mwero mapajani.

"Tumeenea," alisema.

Kwenye kioo nilimwona ameinamisha shingo, mkono mmoja ukiwa umeshikilia kovu la upasuaji wa uzazi ambalo bado humuuma.

"Hatukuenea," nilisema, nikashuka.

"Basi tutazame lile kubwa," Kheri akasema haraka, kama mtu aliyekwisha kuamua.

Gari la viti saba lilikuwa raha tupu. Nilikaa mbele, nikanyoosha mguu, na bado nyuma yangu pangeweza kukaa harusi. Nikafumba macho. Nikajiona nakwenda Gazi na Msahafu mapajani, wajukuu wamelala nyuma.

Vioo vilikuwa wazi. Mwanarusi na Kheri walikuwa wamesimama nyuma ya gari, wakidhani sisikii. Masikio yangu ni mazima.

"Hesabu yake mwenyewe unaijua," Kheri alinong'ona. "Kwa hili, mafuta yetu yatatosha Gazi au Voi. Yote mawili hayawezekani."

"Voi itasubiri."

"Umebakisha mwaka mmoja, Rusi."

"Watoto wakikua nitarudi. Mama hayupo, Kheri. Baba ndiye niliyebaki naye."

"Mwambie, basi."

"Wallahi usimwambie. Akijua hatapanda gari hili."

Nilibaki nimekaa. Niliwaza kuliondoa sharti langu la Ijumaa, lakini binti yangu asingekubali. Aliisikia ahadi ile. Angejua naivunja kwa ajili yake, naye angeacha chuo vilevile. Mimi niliyeanza alifu kwa ujiti nikiwa na ndevu najua maana ya kusema nitarudi kusoma watoto wakikua. Katika darasa letu walisema hivyo wanawake kumi na mmoja. Alirudi mmoja.

Nikashuka, nikaufunga mlango.

"Nunueni dogo," nilisema. "Mimi Taru siendi."

"Baba?" Mwanarusi alikuja mbio. "Kuna nini?"

"Nimechoka. Miezi mitano sijalala. Huyu akinyamaza, huyu aanza. Nilikwisha kulea wangu. Hawa ni wenu, waleeni."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni.

"Tumekuchosha?"

"Mmenichosha."

"Mbona hukusema? Mimi nilidhani unawapenda."

"Kupenda ni kupenda, na usingizi ni usingizi."

Kheri alisema polepole, "Baba, hizo ni hasira?"

"Ni kweli. Kwangu nataka utulivu."

Nilidhani angelia, nami ningeshindwa. Hakulia. Alijitanda mtandio wake vizuri, akamwambia Austine alete karatasi za gari dogo. Baada ya hapo hakunitazama tena.

Walipomaliza, alikaa kiti cha mbele, akakivuta mpaka magoti yakagusa mbele. Kiti cha Mwero kikaingia nyuma yake, mkanda ukalia tak. Kila kitu kilienea. Walikuwa wanakwenda Gazi kufunga mizigo, nami ningefuata kwa tuktuk, mguu nimeutoa nje, kwa kuwa ndani ya gari hapakubaki mahali.

"Shikamoo, Baba," aliniaga akitazama mbele, kama anavyoagwa jirani.

"Marahaba."

Mwero akaanza kulia. Aliniona kupitia kioo cha mlango wa nyuma, akanyoosha mikono, uso umekunjamana. Najua namna ya kumnyamazisha. Unaweka kiganja mgongoni, chini kidogo ya shingo, unasugua taratibu bila kusema neno, na haichukui hata dakika. Lakini kama ningemgusa akatulia, Mwanarusi angegeuka na angeelewa kila kitu.

Nikaiweka mikono yangu nyuma.

Gari likatoka getini, likakunja kuelekea barabara kuu. Sauti yake ilisikika mpaka lilipochanganyika na mengine.

"Mzee," Austine alisema, "huyo mtoi alikuwa anakuita."

"Alikuwa analia tu," nilimwambia.