Bangi ya Scola

Evodia alikuwa anapeta ulezi nyuma ya nyumba, pale Mwazye, Jumanne saa nne asubuhi, Scola alipokuja mara ya kwanza. Scola alikuwa mke wa kwanza wa Felisian. Alikuwa amefia gerezani kwa kifua kikuu, mwaka wa tatu wa kifungo cha miaka thelathini cha bangi. Bado alikuwa amevaa gauni la wafungwa, miguu imejaa vumbi.

"Hodi, mwenzangu."

"Karibu. Mzee yuko barazani."

Felisian alimpa kiti chake chenye mgongo, kisha akaingia jikoni kumkorogea uji. Miaka miwili ya ndoa, Evodia hakuwa amejua kwamba mume wake anafahamu sukari inakaa wapi.

Scola akawa anakuja kila siku. Alifuata redio. Muda ule kulikuwa na mjadala kama bangi iruhusiwe: daktari akisema ni dawa, mama mmoja akisema itawamaliza vijana, mwingine akisema nchi jirani zinailima kwa leseni na kuiuza nje. Mwalimu mstaafu alieleza jinsi wazee walivyoivuta hadharani kwa kiko cha kibuyu, kabla mkoloni hajaipiga marufuku. Felisian alisema babu yake alikuwa na kiko kama hicho. Scola alicheka, mkono wake juu ya goti la Felisian. Alikuwa anasubiri wawataje waliofungwa. Hawakutajwa.

Kila alipokanyaga, bangi iliota. Kufikia jioni ilikuwa imefika kiunoni, na Evodia aliing'oa yote, kuanzia shambani hadi barazani.

"Mwambie asipite kwenye mahindi yangu," alimwambia mumewe.

"Mwache. Yale magunia mawili waliyomkamata nayo yalikuwa yangu. Nilimwomba aseme ni yake. Nilidhani mwanamke watamwonea huruma."

Alisema hayo kama mtu anayetaja siku ya mnada. Evodia hakuumizwa na magunia. Alijiuliza yeye ameombwa nini tangu aolewe, akakumbuka kupika, kupalilia na kuteka maji. Hakuna kikubwa kama kile alichokuwa ameombwa Scola.

Alhamisi hakung'oa kitu. Alijifunga kitenge, akaenda kwa mtendaji wa kijiji.

Ijumaa askari wawili walikuja na gari, wakafuata mstari wa bangi hadi barazani. Redio ilikuwa inaendelea.

"Hii ya nani?"

Evodia alimtazama mumewe. Felisian alimnyooshea Scola kidole.

"Ya huyu."

Scola alikuwa ameshatoa mikono ifungwe pingu. Askari aliandika jina lake.

"Umewahi kufungwa?"

"Ndiyo. Hata sijamaliza."

"Umebakiza mingapi?"

"Ishirini na saba."

"Haya, panda gari."

Felisian alizima redio, akauliza kama maharage yameiva.

Evodia alitoka barazani. Alisimama njiani. Mwenzake alikuwa amekaa mbele, upande wa dirisha, upepo wa Ufipa ukimpiga usoni, wala hakugeuka nyuma. Sasa nyumba ilikuwa ya Evodia peke yake, na mume pia. Gari likapanda kilima cha kuelekea Sumbawanga, na hapo wivu ukamshika kuliko siku zote: Scola alikuwa anaondoka.