Ndoo ya Pindua

Fundi cherehani alirudi nyumbani mchana kuchukua mkasi wake mkubwa, akakuta makochi yamerundikwa uani kama nyumba inayopisha waombolezaji. Alidhani baba yake amefariki.

Baba alikuwa hai, sebuleni, kakalishwa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kavaa fulana iliyotoboka, ile waliyokuwa wakipigia deki. Televisheni ilikuwa imefichwa chumbani. Taa kali ilimulika magoti yake yaliyovimba.

Huyu ndiye Pindua, winga wa mpira aliyewageuza mabeki mpaka wengine wakaomba kutolewa kabla ya mapumziko. Wageni hawa, waliokuja kupiga filamu ya maisha yake, aliwangoja wiki mbili. Koti lake la buluu alilipiga pasi mwenyewe.

"Baba, nani kakuvisha hilo dekio?"

"Mwanangu, wamesema hadithi inataka hivyo," mzee akajibu, akimkwepa macho.

Muongozaji, mtu wa sauti laini, akaingilia. "Dada, tunaonyesha shujaa alivyotelekezwa. Watu wakilia, watamkumbuka."

"Katelekezwa na nani? Na mimi je, ni kivuli? Makochi hayo nimeyapata kwa kushona sare za shule mpaka mgongo ukapinda. Leo mnayatupa nje ili mseme mzee hana mtu?"

Fundi akashika kochi, akalisukuma kuelekea mlangoni. Mpiga picha, kwa aibu, akashika upande wa pili.

Mzee alivaa koti, akakaa kwenye kochi, akaeleza goli lake la fainali kwa kupanga vikombe mezani, huku akicheka. Muongozaji akaahidi kwamba picha za ndoo zitafutwa.

Filamu ilipotoka, goli lilipata sekunde chache. Ndoo ilipata mwanzo na mwisho, pamoja na kinanda cha msiba na sauti nzito iliyosema: "Aliyeshangiliwa na maelfu, leo hana hata kiti."

Kesho yake jirani alileta mfuko wa unga. Mwingine alileta viatu vilivyolika visigino. Mteja mmoja alimuuliza fundi, kwa upole kabisa, kama amesikia habari za yule binti asiyemjali mzazi wake.

"Wamenichezea rafu," baba akasema, "na refa hayupo."

Fundi aliubeba ule unga hadi ofisi ya muongozaji, akautua juu ya karatasi zake.

"Mwenye njaa ni wewe. Kula."

"Dada, mzee alisaini."

"Alisaini kuhojiwa. Hakusaini kuvuliwa nguo!"

Hawakuondoa kitu. Filamu ikapewa tuzo, na bado inaonyeshwa.

Majuma matatu Pindua hakukanyaga kinyozini, alikozoea kupiga soga, kwa kuogopa huruma za watu. La nne, binti yake akamshika mkono, wakaenda. Hata hawajakaa, mtu mmoja akaanza kujipapasa mfukoni, amtolee mzee chochote.

"Rudisha," fundi akamkatiza. "Ukitaka kumpa kitu, muulize ile fainali aliwapitaje wale mabeki watatu."

Yule mtu akatoa mkono mfukoni, akauliza. Pindua akaomba wasogeze benchi, apate nafasi ya mguu wa kushoto.

Binti alisimama mlangoni akimtazama. Hasira ya ile filamu ilikuwa bado haijamtoka.